Kutumia Skana Moja kwa Mashine Kadhaa za Pinboli Nyumbani

Tangu mwaka 2021, kampuni ya Stern Pinball ya Marekani, inayotengeneza mashine za pinboli (mchezo wa kupiga mpira mdogo wa chuma ndani ya meza yenye kioo), imekuwa na huduma ya Insider Connected, ambamo mchezaji huingia kwa kuionyesha skana msimbo wake wa QR ili alama zake zihifadhiwe. Mwenye mashine kadhaa za Spike 2, yaani mfumo wa kielektroniki wa Stern unaoendesha mchezo, zilizotengenezwa kabla ya huduma hiyo anaweza kuanza na skana moja, mradi kila mashine iwe na programu mpya ya mchezo wake na muunganisho wake wa intaneti, kwani kazi ya skana ni kusoma msimbo tu.

Zima mashine na uchomoe plagi ukutani kabla ya kufungua kisanduku cha juu. Chomeka waya wa USB wa kurefusha kwenye bodi kuu, uupitishe mbali na bawaba usije ukabanwa, kisha uache ncha yake nje, ikiwa imefungwa imara, ili skana ichomekwe hapo; fanya hivyo kwa kila mashine. Hatua hii isirukwe, kwa sababu tundu la bodi likichomekwa na kuchomolewa kila mara hulegea, na bodi ni ghali mno kuliko waya. Hamishia skana kwenye mashine nyingine ikiwa imezimwa, uiwashe mashine, halafu ujaribu msimbo kabla ya kuanza mchezo.