Kutengeneza Hurricane ndogo ya 1/72 kwa brashi tu, ukiwa Lamu bila kompresa wala airbrush (bomba la kupulizia rangi)

Haya, nimeulizwa sana kuhusu ile ndege iko kidakani kwetu, wengine wadhani nimeinunua imekamilika. Hapana bwana, yatoka kwa boksi ikiwa vipande vipande na rangi wapaka wewe. Ami yangu ni fundi wa Matondoni, huchonga jahazi ndogo za kuuzia wageni, mimi nikatoka kwa mbao nikaingia kwa plastiki na mpaka leo aniambia nimekimbia kazi. Wengine wasema "kiti" ya ndege, mimi nasema seti, manake hapa Lamu ukisema watengeneza kiti mtu atakuuliza kiti cha enzi bei gani.

Nimechagua Hurricane Mk I, ndege ya kivita ya Uingereza, seti ya kampuni ya Airfix, saizi ya 1/72, yaani ndogo mara 72 kuliko ya kweli. Ni rahisi, bei si mbaya, halafu ni ndege iliyopigana upande wetu huu, marubani wa Afrika Kusini walizirusha kutoka Kenya wakipigana na Waitaliano 1940 na 1941. Ya kweli bawa mpaka bawa ni mita 12.19, kwa hivyo yako itakuwa kama sentimita 17, yakaa kwa kiganja. Mimi hapa napaka ya Uingereza ya 1940, juu Dark Earth (kahawia) na Dark Green (kijani kilichokoza), chini Sky (kijani kilichopauka). Ukitaka ya Afrika Kusini tafuta picha ya ndege moja unayoitaka, yenye namba yake, ufuate hiyo picha. Usichanganye ndege tatu ukapata moja ambayo haikuwahi kuwepo.

HATUA YA 1, kuosha na kukata

Osha fremu zote, zile zilizoshika vipande, na maji na sabuni ya vyombo, acha zikauke. Plastiki yatoka kiwandani na mafuta kidogo, usipoosha rangi itabanduka kama magamba. Mtu huruka hii hatua kila siku halafu alaumu rangi.

Vipande kata kwa koleo ndogo ya kukatia waya au wembe, usinyonge kwa mkono. Acha kijisehemu kidogo halafu usugue na msasa mwembamba, ama zile faili za kucha za kina dada, ni nzuri sana wallahi.

HATUA YA 2, ndani ya chumba cha rubani

Hapa sikai sana. Paka kijani chenye ujivu, mikanda ya rubani kata karatasi nyembamba. Ukishafunga kifuniko hakuna mtu ataona zaidi ya hapo, rubani mwenyewe kwa saizi hii ni kama sentimita 2 na nusu akisimama.

HATUA YA 3, kuunga

Jaribu kila kipande bila glu kwanza. Glu iwe ile nyepesi ya plastiki, ile ya Tamiya yenye brashi ndani ya kifuniko, washikanisha vipande viwili halafu wagusa ufa na brashi, glu yajivuta yenyewe ndani. Superglu weka mbali na vioo! Moshi wake huacha ukungu mweupe kwa plastiki ya kuona, mimi nimeharibu kioo cha kwanza hivyo na sikuweza kukisafisha, basi nikasema kioo kilikuwa na vumbi la jangwani, nani atabisha. Kioo tumia gundi nyeupe ya mbao.

Mabawa yaangalie kwa mbele, macho yako yawe sawa na meza. Kipande cha katikati cha Hurricane kimelala sawa, ni vipande vya nje ndio vyapanda juu kidogo, na lazima viinuke sawasawa pande zote. Weka vitabu chini ya ncha mpaka asubuhi.

Pale penye ufa kalafati, ami alicheka sana kusikia ndege yakalafatiwa lakini ndio kazi yenyewe, patii kidogo, ikauke, msasa, angalia tena kwa taa ya pembeni. Ufa usiouona sasa utauona vizuri sana ukishapaka rangi.

HATUA YA 4, rangi, na hapa ndio nataka mnisikilize

Makosa ni mawili. La kwanza rangi nzito. Wajua tui la kasimele na tui la pili? Rangi kutoka kwa kopo ni kasimele, wewe wataka tui la pili. Izimue na maji kama ni akriliki ya Vallejo, ama thina yake kama ni enameli ya Humbrol, ipite kwa brashi bila kujikokota. Koti la kwanza litakuwa baya, madoadoa, plastiki yaonekana, usiogope na USIRUDIE juu wakati bado mbichi. Subiri, halafu la pili ukipitisha brashi upande mwingine, la tatu, pengine la nne. Tamiya za akriliki mimi sipendi kwa brashi, koti jipya huyeyusha la chini.

Kukauka hapa kwetu ni hadithi nyingine. Unyevu wa Lamu si wa mchezo, enameli iliyoandikwa masaa sita mimi huipa siku mbili, na kipimo changu ni pua, ikinuka bado haijakauka. Mvua za mwezi wa tano sipulizi kopo la spirei kabisa, vanishi yageuka nyeupe kama chokaa. Na usiharakishe kwa kuianika juani, mimi niliweka moja juu ya bati saa saba mchana nikaenda kuswali, kurudi bawa limepinda.

Kosa la pili ni rangi sahihi mno. Mtu anunua Dark Green yenyewe hasa, apaka, ndege yatoka nyeusi tii kama toy. Sababu ni hii, ukiishika ndege ya 1/72 sentimita 30 kutoka kwa macho ni kama unaiangalia ya kweli ukiwa mita 21 na kitu, na rangi kwa mbali hupauka kwa hewa. Nenda jetini uangalie mashua iliyopakwa kijani mwaka jana, ubavu wa juu unaopigwa jua umepauka, chini ya ukingo bado rangi imekoza, na ile iliyo ng'ambo karibu na Manda hata kijani chake huwezi kukitaja jina. Hiyo ndio rangi wataka. Matone kumi ya Dark Green weka moja la manjano iliyopauka, si nyeupe tupu, nyeupe huifanya kama maziwa. Dark Earth yaweza kula nyeupe kidogo. Sehemu za juu kabisa za mabawa ongeza tone lingine kwa koti la mwisho, bila mpango, hapa na pale.

Anza na Sky chini, halafu Dark Earth juu kote, halafu chora mipaka ya kijani na penseli ukiangalia mchoro wa seti, ujaze. Mpaka ukiwa mkali si neno, hata kama ya kweli ulififia sentimita 2 na nusu, kwako ni theluthi moja ya milimita.

HATUA YA 5, dekali (zile alama za ndege za kubandika kwa maji)

Usiweke dekali juu ya rangi isiyong'aa, hewa hukwama chini uone kama fedha fedha. Vanishi ya maji ya kung'aa kwanza, makoti mawili. Dekali kwa maji ya vuguvugu, siki nyeupe tone moja yasaidia kulala, kandamiza na kitambaa chenye maji.

HATUA YA 6, uchafu

Wengi huzidisha hapa. Rangi ya mafuta ya wachoraji, kahawia iliyokoza, ichanganye na tapentaini, pitisha kwa ile mistari iliyochongwa kwenye plastiki tu, futa. Nyeusi usitumie.

Na ile mikwaruzo ya rangi ya fedha watu huweka ionekane rangi imechubuka, jamani, tazameni ndege kwanza! Hurricane nyuma ya rubani mpaka mkiani si bati, ni kitambaa kilichovutwa juu ya mbao, zile mbavu waziona ni kama mataruma ya jahazi. Kitambaa hakichubuki kikatoa chuma, ni kama kusema tanga lina kutu. Mikwaruzo weka karibu na injini, na pale rubani akanyagapo kupanda. Hata mabawa, Hurricane za mwanzo yalikuwa ya kitambaa, kwa hivyo soma boksi yako ni ipi.

Moshi wa injini saga makaa, paka kwa brashi kavu kutoka kwa paipu kwenda nyuma. Mbele ya mabawa ndege hii ina bunduki nane, nne kila upande, midomo yake ilizibwa na vitambaa vyekundu kabla ya kuruka. Ukivipaka vyekundu ndege yako haijapiga bado, na kama umeweka moshi wa bunduki basi usiweke vyekundu vizima, chagua moja.

Malizia na vanishi isiyong'aa, siku kavu ya kaskazi ikiwezekana.

Kuweka: kidaka cha ukuta wa ndani ni sawa, wa nje hapana, mawe yetu hupitisha unyevu na chumvi na dekali zangu za mwaka juzi zilianza kujikunja pembeni. Kipande cha plastiki chini, na magurudumu yabandike na gundi nyeupe kidogo kwa sababu feni.