Ukienda Pichincha kumtafuta mvumaji kifua-cheusi

Huyu ndege hatafutwi mwezi wowote tu. Ukipanda hifadhi ya Yanacocha mwezi wa Julai utaona wavumaji wengine, hawa ndege wadogo wanywao nekta ya maua, hadi uchoke, yeye usimwone. Mvumaji kifua-cheusi (Eriocnemis nigrivestis) hufuata maua, na kati ya Novemba na Januari ndipo huonekana kwenye migongo ya volkano ya Pichincha, nchini Ekuado. Panga safari yako kwa miezi hiyo.

Quito, mji mkuu, peke yake iko mita 2,850 hivi kutoka usawa wa bahari, na hifadhi iko juu zaidi. Lala mjini siku mbili kwanza, pumzi izoee. Koti la mvua ni lazima, maana ukungu hushuka bila hodi.

Ukishaingia, shika njia ya Mfereji wa Inka, ambayo kwa bahati nzuri haina milima ya kukuua. Wageni hujazana kwenye vyombo vya maji ya sukari wanayowekewa ndege, na siwalaumu: mvumaji upanga, ambaye mdomo wake umezidi kiwiliwili kwa urefu, huja pale pale. Lakini kifua-cheusi ni nadra kuyafuata maji hayo. Mimi husimama kando ya msitu penye kichaka kilichochanua, nikanyamaza.

Sasa, soksi. Miguu yake imevikwa manyoya meupe kama vipande vya pamba, na watu wakiyaona tu huanza kupeana mikono. Ngoja kwanza! Ndugu yake, Eriocnemis luciani, anazo pia, naye ni wa kawaida pale. Tazama umbo na kifua: luciani ni mkubwa zaidi na anang'aa kijani cha dhahabu, dume letu ni dogo, sentimita 9 hivi, jeusi kifuani hadi tumboni. Jike ni la kijani, na hapo mwachie mwongozaji mwenyeji aamue.

Usimwite kwa sauti iliyorekodiwa. Mvumaji huishi kwa kula mara kwa mara, na kila dakika anayopoteza akikutafuta wewe ni nekta aliyoikosa.

Ukitazama bondeni utaona mashamba ya viazi na malisho. Msitu wa migongo hiyo ulikatwa pia kwa ajili ya mkaa. Shirika la uhifadhi la Jocotoco lilianzisha hifadhi hii mwaka 2001, na mwaka 2005 Quito ikamfanya ndege huyu nembo yake. Kwa hiyo lipa kiingilio bila kununa, na ukikuta ng'ombe au kisiki kibichi ndani ya msitu, mwambie mlinzi kabla hujaondoka.