Kuongeza vyumba kwenye nyumba ya ukoo bila kuiumiza

Nyumba nyingi za zamani za Iringa na Mbeya zilijengwa kwa matofali ya kuchoma yaliyoungwa kwa tope, na ndiyo maana haziongezewi vyumba kwa namna moja na nyumba za saruji. Kabla ya kumwita fundi, chukua msumari ukwaruze kiungo cha tofali karibu na ardhi: ukidondoka unga mwekundu laini, hilo ni tope, na unyevu wa ukuta hutoka nje kupitia hapo. Kwetu ukuta wa sebule ya babu ulipigwa lipu ya saruji ili ufanane na chumba kipya. Baada ya misimu miwili ya mvua lipu ilibanduka, ikaondoka na ngozi ya matofali, na hadi leo naumia nikiutazama. Ukuta wa aina hiyo unataka lipu ya chokaa na mchanga.

Jambo kubwa kuliko yote ni maungio. Msingi wa zamani umekwisha kutulia, ilhali ule mpya bado utashuka kidogo, kwa hiyo kuta zikifungwa pamoja kwa nondo, ufa hutokea, tena mara nyingi katika ukuta dhaifu, ambao ni ule wa wazee. Sehemu mpya isimame juu ya msingi wake, mtaro wa msingi huo usichimbwe kwenda chini ya msingi wa zamani, na kati ya kuta ibaki nafasi ndogo iliyofunikwa kwa ubao uliopigiliwa upande mmoja tu. Bora zaidi ni kuziunganisha kwa ujia mfupi wenye paa la chini, ukigeuza dirisha lililopo kuwa mlango badala ya kutoboa ukuta upya.

Kibali cha ujenzi huombwa halmashauri. Nyumba inayolindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inahitaji pia ruhusa ya Idara ya Mambo ya Kale.

Kwa kuta mpya, matofali ya kufungamana ya udongo na saruji kidogo hayahitaji kuni za kuchomea, na kenchi zinaweza kuwa za mbao za paina za Mufindi zilizotiwa dawa. Kwa kuwa tuko kusini mwa ikweta, jua la Juni na Julai hupita upande wa kaskazini, basi madirisha makubwa yaelekee huko, chumba kipate joto wakati wa baridi.

Gata lisikosekane. Paa la mita za mraba 40 likipata mvua ya milimita 20 humwaga karibu lita 800, maji ambayo yakielekezwa kwenye tangi ni mali, na yakirukia chini ya ukuta wa tope huula taratibu. Bomba la kutolea maji ya ziada ya tangi nalo lielekezwe bustanini, mbali na nyumba ya zamani.