Kuhamia Veracruz: mwongozo kwa mtu wa Afrika Mashariki

Mtu aliyekulia Mombasa, Tanga au Dar es Salaam akifika Veracruz, mji wa bandari wa Meksiko, atahisi anapajua. Joto la unyevunyevu, minazi, meli za mizigo zikingoja nje ya bandari, ngome kongwe ya San Juan de Ulúa, watu waliotoa viti barazani jioni kupunga upepo. Kwa mengi hajakosea. Taabu ni kwamba kufanana huko humfanya mgeni ajione mwenyeji kabla ya wakati. Anadhani anaujua upepo wa hapa, homa za hapa, unga wa hapa, hata namna ya kuzungumza na maofisa wanaosimamisha basi. Nimeandika kwa ajili ya mambo hayo hasa, yale yanayoonekana kama ya kwetu na kumbe siyo.

Anza na karatasi, maana nyingi hushughulikiwa kabla hujaikanyaga Meksiko. Visa ya ukaazi wa muda, residente temporal, huombwa ubalozini, na kwa watu wa Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi ubalozi wa Meksiko uko Nairobi. Visa hiyo hudumu siku 180 na ni ya kuingilia mara moja. Ukishaingia una siku 30 za kwenda kwenye ofisi ya uhamiaji, INM, ili uibadilishe iwe kadi. Uwanjani angalia ofisa anakuandika nini: mwambie wazi kwamba unaingia kwa ajili ya canje, yaani kubadilisha visa iwe kadi. Akikugongea kama mtalii, kulirekebisha jambo hilo baadaye ni mzunguko mrefu. Kadi ya kwanza ni ya mwaka mmoja, huongezwa hadi kufikia jumla ya miaka 4, kisha unaweza kuomba ukaazi wa kudumu.

Mwenye visa hai ya Marekani, Kanada, Uingereza, Japani au nchi za Schengen anaruhusiwa kuingia kama mtalii bila visa ya Meksiko. Ndugu wengi walioko Ulaya na Marekani huvutwa na njia hiyo, wakitumaini kupata ukaazi wakiwa ndani. Kama huna mume, mke au mtoto wa Kimeksiko, au jamaa wa karibu mwenye ukaazi, usiitegemee.

Cheti cha kuzaliwa na cha ndoa vishughulikie ungali nyumbani. Uliza ubalozini ni mhuri gani unaotakiwa kwa vyeti vya nchi yako, kwa sababu nchi zetu hazifuati utaratibu mmoja, na tafsiri ya Kihispania itafanywa Meksiko na mfasiri aliyesajiliwa, perito traductor. Ukipata kadi utapewa pia CURP, namba ya utambulisho yenye herufi na tarakimu 18, ambayo utaulizwa karibu kila mahali. Anayefanya kazi atahitaji RFC, namba ya mlipakodi. Ukihama nyumba, ukibadilisha mwajiri au ukifunga ndoa, una siku 90 za kuwaarifu INM.

Kadi hiyo usiiache kabatini. Utaulizwa mara nyingi kama wewe ni Mkuba, yaani mtu wa Kuba, na wanaouliza wengi hawana nia mbaya. Lakini barabara kuu zina vituo vya ukaguzi wa uhamiaji, na kwenye basi la masafa marefu Mwafrika huulizwa karatasi abiria wengine wakiachwa walale. Hata Wameksiko weusi waliozaliwa hapa husimamishwa. Mwaka 2022 Mahakama ya Juu ya Meksiko, katika kesi ya vijana wa Kitzeltal, jamii ya wenyeji asilia kutoka jimbo la Chiapas, iliamua kwamba vifungu vya sheria ya uhamiaji vinavyoruhusu ukaguzi huo vinakiuka katiba. Uamuzi huo ni mkubwa, ila usiku wa manane barabarani kitakachokusaidia haraka ni kadi halisi. Nakala ya simuni haitoshi. Jibu kwa upole, usikabidhi pesa, na usitie saini karatasi ya Kihispania usiyoielewa, hata ukiambiwa ni kawaida tu. Namba ya mwanasheria au ya rafiki Mmeksiko iandike kwenye karatasi pia, si kwenye simu peke yake.

Nasema hili bila kutaka kukutisha, kwa sababu Veracruz ina historia ambayo mtu wetu anapaswa kuijua aje akiwa ameinua kichwa. Bandari hii ndiyo iliyokuwa lango kuu la Waafrika walioletwa utumwani Meksiko. Upande wa mji wa Córdoba, jimbo hili hili, kuna mji unaoitwa Yanga, kwa jina la kiongozi wa watumwa waliotoroka, wakapigana na Wahispania mwaka 1609, na hatimaye wakakubaliwa kuwa na mji wao huru. Katiba iliwatambua Wameksiko wenye asili ya Afrika mwaka 2019, na sensa ya 2020 ilihesabu zaidi ya watu milioni 2.5 waliojitambulisha hivyo. Nenda Yanga. Ni safari ya siku moja, na utarudi ukiutazama mji unaoishi kwa macho mengine.

Nyumba. Mwenye nyumba atataka amana na pengine mdhamini, aval, mwenye mali isiyohamishika ndani ya Meksiko. Mgeni hana mtu huyo, kwa hiyo jadili mapema: wengine hukubali amana kubwa zaidi, wengine mkataba wa kisheria unaolipiwa badala ya mdhamini. Kagua ukungu nyuma ya makabati, nyavu za mbu madirishani, na kutu kwenye vyuma, kwani chumvi ya bahari hula haraka kama kwetu. Uliza ukubwa wa tinaco, tangi la maji la juu ya paa. Maji ya bomba ni ya kuoga na kufulia. Ya kunywa hununuliwa kwenye garrafón ya lita 20, na muuzaji hupita mtaani.

Pasi na blenda viache nyumbani. Umeme hapa ni volti 127, wetu ni 240, na plagi ni tofauti. Bili ya shirika la umeme, CFE, huja kila baada ya miezi miwili, na kiyoyozi ndicho kinachoifanya ipande. Matumizi ya nyumbani hupewa ruzuku, lakini wastani wako wa mwaka ukivuka kiwango, unahamishiwa daraja la DAC ambalo halina ruzuku, na inachukua muda kutoka humo. Kabla ya kutia saini mkataba wa nyumba omba uone bili iliyopita. Ikiwa na herufi hizo, unarithi mzigo wa aliyekutangulia. Bili hiyo hiyo, kwa njia, ndiyo uthibitisho wa makazi ambao benki itakudai. Ukishafungua akaunti, namba ya kutumiwa pesa ni CLABE, tarakimu 18, na pesa hufika papo hapo kupitia SPEI, mfumo wa kutumiana pesa kati ya benki, hata usiku.

Sisi tumezoea kaskazi na kusi, pepo zinazojulikana miezi yake na zinazoingia taratibu. Hapa kuna norte. Kati ya Oktoba na Aprili, baridi inaposhuka kutoka kaskazini, upepo hupiga ghafla na unaweza kupita kilomita 100 kwa saa. Bandari hufungwa, mchanga hujaa barabara ya ufukweni, na joto huanguka kwa saa chache, kwa hiyo koti la maana linahitajika hata kwenye mji wa minazi. Msimu wa vimbunga ni Juni hadi Novemba. Kimbunga Karl kiliingia nchi kavu karibu na mji huu Septemba 2010. Fuata matangazo ya Protección Civil, idara ya kukabili maafa, ambayo hutumia rangi kuanzia buluu hadi nyekundu, na namba ya dharura ni 911.

Kwa afya, sikiliza sana hapa. Mtu wetu akipata homa hufikiri malaria. Veracruz, fikiria dengi kwanza, ile ile iliyosumbua Dar es Salaam mwaka 2014 na 2019. Kunywa parasetamoli na maji mengi, usiguse aspirini wala ibuprofeni kwa kuwa huongeza hatari ya kuvuja damu, na tumbo likiuma sana au fizi zikitoa damu kimbia hospitali, hata kama homa imeshuka. Kinyume chake nacho ni cha kweli: umerudi kutoka likizo nyumbani, homa ikakupata wiki chache baadaye, daktari wa hapa anaweza asiwaze malaria kabisa. Mwambie umetoka wapi na lini, na sisitiza upimwe. Antibiotiki haziuzwi bila cheti cha daktari, ila maduka mengi ya dawa yana daktari mlango wa pili kwa ada ndogo.

Chakula kitakupokea vizuri. Muhogo, ndizi za kupika, magimbi, ukwaju na maembe vipo, na samaki ni wa siku hiyo. Ugali ndio wenye kazi: unga wa mahindi wa madukani umetokana na mahindi yaliyochemshwa kwa chokaa kwa ajili ya tortilla, chapati za mahindi, na ukiusonga unanata na kubaki na harufu yake. Tafuta polenta, unga wa mahindi usiopitia chokaa, kwenye supamaketi. Waislamu waulize kuhusu manteca, mafuta ya nguruwe, ambayo huwekwa kwenye maharage na tamales, donge la mahindi lililofungwa kwenye majani na kupikwa kwa mvuke, bila kutajwa.

Kihispania utakihitaji kila siku, na irabu zake tano ni zile zile za Kiswahili, kwa hiyo matamshi yako yataeleweka mapema. Salimu unapoingia dukani au kwenye kliniki, na ukipita karibu na wanaokula sema provecho, yaani mle kwa raha. Mgeni anayesalimu hufunguliwa milango hapa kama anavyofunguliwa kwetu.

Meksiko iliacha kubadilisha saa mwaka 2022, basi Veracruz iko nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa 9 mwaka mzima. Ukipiga simu saa nne asubuhi, Nairobi na Dar ni saa moja jioni, wazee wako nyumbani. Ofisi za serikali za kwetu ndizo zinazosumbua, kwa kuwa hufunguliwa wewe ukiwa unaelekea kulala. Kabla ya kuondoka mwachie ndugu unayemwamini idhini ya maandishi iliyothibitishwa na wakili, pamoja na nakala za vyeti vyako, na laini yako ya nyumbani iendelee kuwekewa salio ili isifungwe na namba za siri za benki ziendelee kukufikia.