Kuzidisha mimea ya shina kwenye tangi la samaki: vipandikizi visivyoelea

Karibu kila ninayemsaidia kupanda mimea ya shina (ile inayorefuka kwenda juu kwa shina lenye majani kwenye vifundo) huja na lalamiko lilelile: amepanda usiku, asubuhi vipandikizi vyote vinaelea. Kukata kila mtu anaweza. Kazi iko kwenye kuvifanya vibaki chini, ndiyo maana hatua ya 3 nimeirefusha.

Hatua ya 1: Mmea

Anza na Hygrophila polysperma, Limnophila sessiliflora au Rotala rotundifolia. Yote hukua bila kuongezewa kaboni dayoksaidi. Mmea wa dukani mara nyingi hukuzwa majani yakiwa hewani, kwa hiyo ukiuzamisha majani ya zamani huoza. Usiutupe! Subiri ncha itoe majani mapya ya majini, kisha ukate hapo.

Hatua ya 2: Kata

Mkasi mkali, chini kidogo ya kifundo majani yanapotokea, urefu wa sentimita 10 hadi 15. Pukutisha majani ya vifundo viwili vya chini ila bakiza vikonyo vyake.

Hatua ya 3: Panda

Weka vidole kando. Kidole huacha shimo pana, na ukikitoa kinatoka na mmea. Tafuta kibano kirefu chenye ncha nyembamba. Kama pesa inatosha kitu kimoja tu, nunua hicho kabla ya mbolea.

Shika kipandikizi karibu kabisa na mwisho wake wa chini, kibano kikilala sambamba na shina. Kiingize kimshazari, si wima, hadi vifundo vile viwili vifukiwe. Kibano kikiwa bado ndani, kilegeze kidogo tu, kitikise mchanga ujae, halafu kitoe polepole kwa njia nyingine, si ile uliyoingilia. Vile vikonyo ulivyobakiza ndivyo vitakavyong'ang'ania mchanga mpaka mizizi itoke kwenye vifundo.

Limnophila ina shina laini: ukilibana sana linapondeka, na lililopondeka huoza.

Chembe za mchanga au changarawe ziwe za milimita 1 hadi 3, kina kisipungue sentimita 5. Kokoto kubwa hazishiki kitu.

Panda kimoja kimoja, nafasi ya sentimita 2 au 3. Wanaofunga fungu zima kwa uzito wa madini ya risasi na kulididimiza hivyohivyo sikubaliani nao kabisa: mashina ya katikati hukosa mwanga, huoza chini, kisha fungu lote linapanda juu.

Halafu kuna jambo ambalo wengi hawalitazami, nalo ni saa ya kupanda. Mashina haya yana nafasi za hewa ndani, na taa ikishawaka muda mrefu hujaa oksijeni na kuelea zaidi. Panda kabla ya kuwasha taa. Geuzia mdomo wa filta upande mwingine kwa wiki moja, mkondo wake usiving'oe vipandikizi. Samaki wachimbaji watakung'olea hata ukipanda vizuri namna gani; wahamishe kwanza. Na usivute shina kuangalia kama limeshika. Majani mapya nchani yatakuambia.

Hatua ya 4: Mwanga na mbolea

Taa iwake kwa muda wa saa 6 hadi 8 kwa siku; zaidi ya hapo unafuga mwani. Majani ya zamani yakitoboka, mara nyingi potasiamu imepungua. Majani machanga yakipauka, fikiria madini ya chuma.

Hatua ya 5: Pogoa, upande tena

Mashina yakikaribia uso wa maji, kata nusu ya juu uipande kando. Kisiki kitatoa machipukizi mawili au zaidi, kwa kuwa ncha iliyokuwa ikiyazuia kwa homoni ya auksini haipo tena. Kisiki kikishakatwa mara kadhaa na kubaki bila majani, king'oe, nafasi yake panda ncha changa.

Mabaki yaanike juani yakauke kabisa ndipo uyatupe. Usiyamwage mtoni wala mtaroni: kipande chenye kifundo kimoja kinatosha kuanza mmea mpya, na Hygrophila polysperma na Limnophila sessiliflora zote mbili zimo kwenye orodha ya magugu hatari ya serikali kuu ya Marekani.