Kufufua Kerezo la Zamani kwa Kazi ya Kutengeneza Viko

Kiko cha tumbaku, ukikivua umbo na mng'aro wake, ni matundu matatu yanayokutana: tundu pana la kutilia tumbaku, tundu jembamba la kupitishia moshi, na tundu fupi linalopokea kipande cha kuwekwa mdomoni. Yakikutana sawasawa, moshi hupita bila kizuizi. Yakikosana kwa milimita mbili tu, unyevu hukusanyika chini ya tumbaku na kiko huanza kukoroma. Kwa hiyo anayefufua kerezo la zamani, yaani mashine inayozungusha gogo ili lichongwe na kutobolewa, kwa kazi hii na aanze na sehemu zinazoamua unyofu wa matundu, na rangi aiache iwe ya mwisho kabisa. Nimeona katika karakana za Nairobi makerezo yaliyopakwa rangi mpya ya kupendeza ilhali shafti kuu, ile inayozungusha gogo, inacheza kama jino bovu.

Kerezo ninalolipendekeza kwa anayeanza ni dogo, la aina ya Myford ML7, lililoundwa Beeston karibu na Nottingham, Uingereza, kuanzia miaka ya 1940. Mota zake nyingi zilitengenezwa kwa umeme wa volti 240 na mizunguko 50 kwa sekunde, ambao ndio huu tunaotumia hapa, kwa hiyo hulazimiki kununua transfoma. Hata hivyo, soma kibao cha mota kabla ya kulipa, kwa sababu baadhi ya mashine zilizotoka katika karakana kubwa zina mota ya fezi tatu, na nyumba nyingi za mitaa yetu zina fezi moja.

Ukishalifikisha nyumbani, usiliwashe. Funga kipande imara cha mbao chenye urefu wa sentimita 30 kwenye kishikio, yaani sehemu yenye taya za kubania gogo, kisha ukiinue kwa mkono huku saa ya kupimia, ambayo mshale wake huonyesha msogeo mdogo sana, ikiwa imegusa shafti kuu. Mshale ukisogea zaidi ya sehemu 3 za mia ya milimita, beringi zimelegea. Katika ML7 beringi hizo ni za metali nyeupe iliyo laini, na chini ya vifuniko vyake kuna vibati vyembamba vya tabaka tabaka. Bandua tabaka moja, kaza, pima tena, na uendelee hivyo kwa subira mpaka shafti izunguke kwa wepesi bila kucheza. Anayebandua tabaka tatu kwa pamoja ili amalize haraka huibana shafti, na metali ile huungua katika dakika chache za kwanza. Vikombe vya mafuta vijazwe mafuta mepesi ya mashine ya daraja la 32, wala visitiwe grisi.

Kutu ya vipande vidogo vya chuma, kama vile mikono na gurudumu, mimi huiondoa kwa umeme. Yeyusha magadi katika ndoo ya plastiki yenye maji, tundika kipande kwenye waya hasi wa chaja ya betri ya gari, na kwenye waya chanya tundika chuma chakavu cha kawaida. Usitumie chuma kisichoshika kutu, kwa maana hutoa sumu ndani ya maji. Kazi hii ifanyiwe nje, kwa kuwa mapovu yanayotoka ni gesi inayoweza kuwaka, na isiguse beringi kamwe. Reli za kitanda nazo zisuguliwe kwa mafuta ya taa na burashi laini ya shaba. Fundi akikushauri utumie grainda, mshukuru na ukatae.

Kisha linganisha kichwa cha kerezo, ambacho ni upande wenye shafti kuu, na mkia wake, ambao ni upande wa pili unaosogezwa juu ya reli. Weka ncha kali pande zote mbili, zisogeze zikutane, na katikati yake ubane wembe. Wembe ukisimama wima na mnyofu, pande hizo zimelingana. Ukiinama, rekebisha skrubu za mkia na ujaribu tena. Hatua hii sitairuka hata nikiwa na haraka namna gani, kwa sababu kosa lake huonekana baada ya gogo zuri kuharibika.

Nyaya za zamani zilizofunikwa kwa kitambaa zing'olewe zote, waya wa ardhi uungwe, na swichi iwe ya aina isiyowasha mashine yenyewe stima inaporudi baada ya kupotea. Mikanda na beringi za mota hupatikana Barabara ya Kirinyaga.

Kuhusu mti, viko maarufu vya Saint-Claude nchini Ufaransa hutengenezwa kwa kivimbe cha shina la Erica arborea kutoka nchi za Mediterania. Mti huo huota pia katika Mlima Kenya, lakini huko ni hifadhi, na usiguswe. Mzeituni mwitu, ambao wengi wetu twauita mutamaiyo, unafaa sana, mradi uwe umekauka kabisa kivulini.

Ng'oa taya mbili zinazotazamana katika kishikio cha taya nne, na mbili zilizobaki uzifungie vipande vya mbao ili zisijeruhi gogo. Toboa kwanza tundu la milimita 8 kwa kina cha milimita 20, na bila kulegeza gogo, endelea na keekee ndefu ya milimita 4 mpaka kwenye mstari wa katikati wa tundu la tumbaku uliokuwa umeuchora. Itoe keekee kila baada ya milimita 5 ili vumbi litoke, la sivyo itapinda. Geuza gogo, punguza kasi hadi mizunguko 200 kwa dakika, na utoboe tundu pana la milimita 19 kwa keekee bapa uliyoinoa ncha yake iwe duara. Kitundu cha moshi kitakapojitokeza katikati ya sakafu, acha papo hapo. Kuta zisipungue milimita 6, na barakoa isikutoke usoni.

Kila jioni futa vumbi la mti kwenye reli, kwa kuwa hufyonza mafuta na kushika unyevu, kisha zipake mafuta upya na ulifunike kerezo kwa shuka la pamba. Baridi ya Julai hulifanya turubai la plastiki litoe jasho kwa ndani, na kutu hurudi katika muda wa wiki moja.