Simu za ofisini AI ikuandalie, ya mjomba piga mwenyewe

Mimi nilikuwa naweza kukaa nusu saa na namba ya ofisi mkononi siipigi, najua nikipiga tu nitajikanyaga, nitasahau nilichotaka kuuliza, vocha iishe nibaki na "piga kesho". Sasa hivi naandaa simu na AI (akili mnemba) kwanza, na kwa kweli imenisaidia sana.

Tuelewane kitu kimoja. Ile AI inayopiga simu yenyewe ikaongea na mtu ipo, Google walionyesha Duplex mwaka 2018 ikaanzia Marekani kwa kubuku meza za migahawa, ila kwa karani wa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, huku Tandahimba usiitegemee. Unapiga wewe, yenyewe inakupanga tu.

Fungua ChatGPT au Gemini, hizo AI za kuchati, uandike kama unavyochati na rafiki, mfano: "Korosho zangu kilo 340 zimeuzwa mnadani, hela haijaingia benki, nataka kumpigia karani, nipe maswali matano mafupi na nianze na lipi." Itakupangia vizuri tu, mnada ulikuwa tarehe ngapi, bei ya kilo, makato yapi, malipo yamepelekwa benki lini, na itakukumbusha ushike stakabadhi yako mkononi kabla hujapiga. Ikikutajia bei ya mnada wa juzi usiibebe, inaweza kubuni, bei muulize karani.

Alafu hapa ndo penyewe, watu wengi wanaparuka. Iambie AI "jifanye karani mwenye haraka, nijibu kwa mkato" ufanye mazoezi dakika mbili, ikikukatisha unarudi kwenye swali lako, ikikuambia subiri unauliza nisubiri mpaka lini na nimuulize nani. Mara ya tatu hivi unakuta sauti imetulia yani hata ukipiga kweli hutetemeki. Andika maandishi tu kama bando ni dogo, kuongea kwa sauti kunakula.

Ukimaliza simu usikae, iandikie AI hapohapo ulichoambiwa ikupangie: tarehe, umeongea na nani, kaahidi nini. Wiki ijayo ukipiga tena unaanzia hapo.

PIN, namba ya NIDA na akaunti ya benki usiziweke humo kabisa. Na ile meseji ya "tuma kwenye namba hii" haihitaji ushauri wa AI wala kupiga, ripoti 15040, ni namba ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ya kuripoti matapeli.

Simu ya mjomba ndo nimeitoa kwenye mpango huu. Kwetu kusini mjomba ndo mwenye neno kwenye posa na msiba, sasa umsomee maswali matano yaliyopangwa kweli? Mpigie jioni akishatoka shamba, shikamoo mjomba, Newala maji yanapatikana, goti la bibi linaendeleaje, na akitaka kuongea robo saa nzima kuhusu mikorosho yake mwache aongee, wewe hakikisha tu umeweka dakika za kutosha.